Mavazi ya msanii: ni sehemu ya kazi yake au ni maonyesho tu?

Brashi_Kavu

Habari zenu wanajamvi. Jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nimeona nilitue hapa.

Nachora kwa rangi za mafuta, mwaka wa 11 huu. Nachora vyumba visivyo na watu: kona, mlango ulioachwa wazi, kiti kilichogeuziwa ukutani. Rangi zangu zimefifia, kijivu na bluu ya mbali, na udongo mkavu kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa na picha sita kwenye maonyesho ya pamoja. Usiku wa ufunguzi nilisimama kando ya picha zangu na suruali yangu nyeusi na blauzi ya kawaida, mgeni mmoja akanikabidhi glasi yake tupu akidhani mimi ni mhudumu. Hilo lilipita. Lililonichoma ni maneno ya msimamizi wa maonyesho baadaye, na aliyasema kwa nia njema kabisa: kazi zangu ni nzuri, ila mimi mwenyewe sikumbukwi. Nitafute mwonekano. Kofia, miwani, chochote.

Nikarudi nyumbani nikafungua kabati, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Mifano naijua. Yayoi Kusama, msanii wa Japani, na nywele zake nyekundu za bandia, gauni lake la madoa likiwa mbele ya ukuta wa madoa yale yale mpaka hujui mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Andy Warhol, msanii wa Marekani, na nywele za fedha. Lakini kila nikiwatazama najiuliza kipi kilitangulia. Walivaa hivyo kwa sababu ya kazi, au walivaa kwanza kazi ikafuata? Na kwa mtu kama mimi, ambaye hajawahi kuyafikiria mavazi, kuna njia ya kulipata vazi bila kuigiza? Picha hizi zimenitoka ndani. Siwezi kusimama mbele yake na kitu cha kuazima.

SindanoNaUzi

Pole dada yangu, hasa kwa ile glasi.

Mimi ni fundi nguo, miaka mingi nimeshonea jukwaa la maigizo, kwa hiyo nitaanzia kwenye kitambaa. Umeuliza kipi kilitangulia. Yuko mchoraji mmoja ambaye kwake kitambaa kilitangulia kabisa: Sonia Delaunay. Mwaka 1911, akiwa Paris, alimshonea mwanawe mchanga blanketi la vipande vipande vya nguo. Alipolimaliza akaona vile vipande vinavyosukumana, rangi hii ikiiamsha ile, akaanza kutenda vivyo hivyo kwenye turubai. Mwaka 1913 akajishonea gauni la namna ile ile na kwenda nalo kwenye ukumbi wa dansi. Kwake mshono na picha vilikuwa kazi moja iliyohamahama. Mwaka 1964 jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lilionyesha kazi zake, kabla yake hakuna mwanamke aliyepata heshima hiyo akiwa hai.

Mwingine ni Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani. Huyu nampenda kifundi. Nguo zake nyingi alijishonea mwenyewe, nyeusi na nyeupe, hazina urembo, kola imekatwa kwa umbo la V lililonyooka. Ukitazama mishono yake ya mkono unaona sindano imepita kwa hatua ndogo mno, za kulingana, hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Kisha tazama ukingo wa ua analolichora, jinsi rangi inavyokoma bila kutetemeka. Ni mkono ule ule! Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Brooklyn Museum, New York, liliweka nguo zake pamoja na picha zake ukumbini.

Kwa hiyo jibu langu: usiende dukani. Kaa na picha zako kwanza, uone mkono wako unapenda nini.

Kinyago3

Nakubaliana na fundi, ila nitamtetea kidogo yule msimamizi. Mimi nachonga mbao na najua mtu akiingia ukumbi wenye kazi 60 anatoka na sura mbili au tatu kichwani. Kukumbukwa kunalisha. Salvador Dalí, mchoraji wa Kihispania, alilijua hilo kuliko wote, na yale masharubu yake yanatambuliwa hata na watu wasioweza kukutajia picha yake moja.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka 1936, kwenye maonyesho ya London, Dalí alitoa mhadhara akiwa ndani ya vazi la mzamiaji, kofia ya chuma imefungwa kichwani. Hewa ikamwishia. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, mpaka walipogundua anakosa pumzi kweli ndipo wakahangaika kumfungua. Tangu nisome habari hiyo siwezi kuisahau. Vazi lilikuwa na sauti kubwa kuliko mtu aliyekuwa ndani yake, hata alipohitaji msaada hakusikika.

Kwa picha za vyumba vitupu, dada, kofia ya ajabu itakuua hivyo. Watu watatazama kofia.

Na kama ni mfano wa mtu mtulivu, mchukue Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyechora chupa na makopo yale yale maisha yake yote kule Bologna. Picha alizopigwa zinamwonyesha mzee wa suti na tai, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Mavazi ya mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu. Vumbi juu ya chupa zake aliliacha likae. Ukilifahamu hilo, ile suti nayo unaielewa.

TurubaiLaZamani

Nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, sichori tena picha kubwa, ila nina neno moja kwa binti huyu.

Watu wakimtaja Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, huanza na maua kichwani. Mimi huanza na mguu. Alipata polio akiwa na miaka sita, mguu mmoja ukabaki mwembamba. Septemba 1925 basi alilopanda likagongwa na tramu, uti wa mgongo na nyonga vikavunjika. Zile sketi ndefu za wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Mexico, zilikuwa na maana kwake kama Mmexico, na alizivaa kwa fahari, lakini pia zilifika chini zikaufunika ule mguu. Blauzi zilikuwa pana, zilikaa juu ya koseti. Na zile koseti za plasta zilizomshikilia mgongo alizichora! Kalala kitandani, kashika brashi, anachora juu ya kitu kilichomfunga. Picha yake ya 1939 ina Frida wawili wameshikana mikono, mmoja kwa gauni jeupe la Kizungu, wa pili kwa nguo za Tehuantepec, na mshipa wa damu mmoja unawaunganisha. Hapo nguo ndiyo inayosimulia habari yote.

Alipofariki mwaka 1954 mumewe, Diego Rivera, aliagiza chumba chenye vitu vyake kifungwe. Kilifunguliwa mwaka 2004. Humo zilikutwa nguo zake, koseti, na mguu wa bandia wenye buti jekundu.

Kwa hiyo nakuuliza, binti yangu, maana wote hapa tumezungumzia nguo za kuonekana nazo: ukiwa peke yako unachora, unavaa nini?

Brashi_Kavu

Shikamoo mzee. Swali lako nimelisoma jana usiku nikaona ni dogo. Leo asubuhi ndipo lilipofanya kazi.

Navaa shati la marehemu baba. La bluu, pana, mikono naikunja mara nne. Nalivaa kwa sababu ni refu na sikuwa na aproni siku ya kwanza, basi. Leo badala ya kulivaa nimelitandika sakafuni chini ya dirisha nikalitazama, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa miaka 11.

Mkono wa kushoto una ukoko wa rangi mgumu kama gome, kuanzia kiwiko hadi mwisho wa kikunjo. Huko ndiko ninakopangusia brashi, sikuwahi hata kujua kwamba ni upande mmoja tu. Na rangi zilizopo ni nyekundu. Machungwa. Manjano kali kabisa. Kijani cha jani bichi. Zote ambazo hamtaziona kwenye picha zangu hata moja! Kumbe kila mara naanza nazo. Naweka nyekundu kwenye kona ya chumba, naiogopa, naifuta, naipangusia kwa baba.

Nimekaa sakafuni kama nusu saa. Sijui niseme nini zaidi.

SindanoNaUzi

Dada, kwanza tafadhali usilifue. Usilipige pasi pia, ukoko wa rangi ya mafuta utapasuka kwenye mikunjo. Kama ndani ya kola pameanza kulika, shonea kipande cha pamba laini kwa ndani, kwa mkono, mashine italibana. Ukitaka nitakueleza mshono gani.

Kinyago3

Msimamizi wako alitaka mwonekano. Mwambie umepata, ila ni shati chafu. Nasema kwa heshima zote. Mimi ningekuja kuliona.

Brashi_Kavu

Fundi, ndiyo, kola imelika, nielekeze mshono.

Kinyago3, sidhani kama nitalivaa mbele za watu. Ni la chumbani mule. Ila nina turubai niliyoianza juzi, mlango na nusu ya kiti, na kwenye ukingo wa mlango nilikuwa nimeweka mstari mwembamba wa nyekundu. Mkono ulikwenda kwenye kikunjo kama kawaida. Nimeurudisha. Mstari bado upo, haujakauka.