Naombeni ushauri: majani na vijazio vya maua ya karatasi, nimeambiwa yanafanana na ya kaburini

Mkono wa Krepu (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Natengeneza maua ya karatasi ya krepu (ile yenye mistari ya mikunjo myembamba) hapa Dar, huu mwaka wa pili. Waridi nalimudu, hata wanaolijua ua halisi hulisogelea kulinusa. Kinachonishinda ni vile vya kulizunguka.

Nina harusi mwezi ujao, meza 12, kila meza chombo kimoja chenye waridi 7. Bibi harusi kachagua damu ya mzee na rangi ya maziwa. Kwa sampuli nilikwenda Kariakoo, nikanunua mashada ya majani ya plastiki na vile vimaua vyeupe vidogo vya kujazia. Nikapanga, nikapeleka. Binti alinyamaza. Mama yake ndiye aliyesema, kwa upole kabisa: "Mwanangu, maua mazuri, ila yananikumbusha ya kaburini." Nilirudi nimepakata chombo kwenye daladala, na usiku ule sikupata usingizi.

Waridi likiwa peke yake linapendeza. Nikiliwekea majani, linafifia. Nimepunguza, nimeongeza, wapi! Nina siku 24 na bajeti ndogo. Mnisaidie: majani gani, vijazio gani, na kwa kiasi gani?

Fundi Majani

Pole dada. Nionavyo mimi shida ni mng'ao, wingi wa majani hauna kosa. Krepu inameza mwanga na plastiki inaurudisha, kwa hiyo jicho linakimbilia kwenye jani kabla ya ua. Kiweke chombo dirishani, rudi nyuma hatua tano, fumba macho nusu. Kama kitu cha kwanza kuonekana ni jani, liondoe.

Ya plastiki uliyonunua usitupe. Yaoshe kwa sabuni mafuta yatoke, yakauke, halafu chukua brashi karibu kavu na rangi ya akriliki isiyong'aa, kijani kilichochanganywa na kijivu kidogo, uyapitie juu juu. Yafiche chini ya chombo, kazi yao iwe kuziba tu.

Majani ya juu, yanayogusana na waridi, yatengeneze mwenyewe kwa krepu. Kata kipande cha mraba, mistari ya krepu isimame wima. Kikate mshazari, kona hadi kona. Pindua pembetatu moja, uso wake wa nyuma uwe mbele, uzigundishe kwenye ule ukingo wa mshazari. Mistari itakutana kama herufi V, na hiyo ndiyo mishipa ya jani. Pitisha waya mwembamba katikati, namba 26, kisha kata umbo, shina likiwa upande wa ncha ya V. Shina la waridi tumia namba 18 (namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, wengi hukosea hapo dukani).

Baridi ya Meru

Mimi huku Arusha natumia mkaratusi halisi. Chuma matawi mabichi, ponda ncha za mashina, yasimamishe kwenye gliserini sehemu moja na maji ya moto sehemu mbili. Gliserini ni ile ile ya kupaka inayouzwa famasi. Wiki mbili hivi majani yanageuka rangi, yanakuwa laini kama ngozi na hayavunjiki. Yakikaa na damu ya mzee utafurahi.

Upepo wa Tanga

Kaka wa Arusha anasema kweli, ila kwa huko kwenu kwenye baridi kavu. Huku pwani jani lenye gliserini nyingi linatoka jasho hewa ikiwa na unyevu. Mimi lilinidondokea juu ya krepu nyeupe, likaacha madoa ya kahawia kwenye kazi ya watu, na nikairudia yote kwa gharama yangu. Kama lazima utumie, litoe mapema likiwa limenywa kiasi, lifute kwa kitambaa chenye sabuni, lining'inize mahali penye upepo siku kadhaa. Na lisiguse karatasi kamwe.

Jaribu mvinje. Upo ufukweni tele, vijiti vyake vyembamba vikikaushwa vichwa chini vinabaki na mistari mizuri, na vile vikoni vidogo ukivifunga waya ni kijazio tosha.

Bibi wa Kongwa

Wajukuu zangu, mbona hakuna aliyetaja shamba? Mwanangu, rangi yako ni damu ya mzee. Sasa mtama mwekundu uko wapi? Shuke lake lina rangi hiyo hiyo, halina mng'ao, na hakuna mgeni atakayelifananisha na kaburi, maana ni chakula, ni shibe. Mtu wa Dodoma akukatie mashuke pamoja na shina la urefu wa mkono, akutumie kwa basi. Chukua na ulezi, vidole vyake vimejikunja vizuri sana.

Ukipokea, yafunge kwenye mfuko uyaweke friza siku tatu au nne, fukusi wafe. Kisha pulizia dawa ya kushikilia nywele ile ya saluni, punje zisidondoke mezani.

Fundi Majani

Bibi shikamoo. Hapo umemaliza. Dada, kwa waridi 7 weka mashuke matatu, yapitane urefu, moja litoke nje ya mstari. Vile vimaua vyeupe viache kabisa, vyeupe vya plastiki kando ya rangi ya maziwa vinalifanya waridi lionekane chafu. Na waambie wapambaji wasiweke mishumaa ya moto kwenye meza hizo. Karatasi na mabua makavu havingoji.

Mkono wa Krepu

Bibi, shikamoo moja haitoshi, nakupigia mara mbili.

Naleta mrejesho. Nilipata mashuke manne tu kwa jirani mwenye ndugu Singida. Nikatengeneza majani 9 ya V kwa mkono, mvinje kidogo pembeni, plastiki niliyoipaka nikaifukia chini. Jana nikampelekea mama yule yule. Alikizungusha chombo, akaligusa shuke, akauliza, "Huu mtama?" Kisha akamwita binti aje aone.

Nimekubaliwa, kazi ni yangu. Majani ya V kwa meza zote ni 108, nikitulia nakata 20 kwa jioni. Mtama nimeagiza, basi linaingia Alhamisi. Upepo wa Tanga, hivi vikoni vya mvinje nivifunge waya vikiwa vibichi au nisubiri vifunguke?

Upepo wa Tanga

Subiri vikauke na kufunguka, ndipo waya upite kati ya magamba ya chini.