Naomba ushauri: siku moja Dodoma na watoto, tuanzie wapi?

BabaKulwa: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Dar, Jumapili hii nawapeleka watoto Dodoma wakayaone makao makuu ya nchi yao. Tunaondoka na SGR alfajiri, tunarudi nayo jioni ileile. Nauli ya kwenda tu imenitoka 108,500, kwa hiyo msianze kuniambia nighairi. Wanataka Bunge na sanamu ya Mwalimu. Nisaidieni mpangilio tu, tuanzie wapi tusije tukaachwa na treni ya kurudi? Tangu juzi usingizi hauji.

Kisiki: Dodoma kuna nini mkuu? Vumbi na wabunge. Wapeleke Bagamoyo wakale samaki, saa kumi mko nyumbani.

Chaurembo: Kisiki acha dharau. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, na mpaka leo kuna watoto wa Dar wanadhani nchi inaishia Kimara. Safi sana mtoa mada.

MtuWaTarakimu: Daraja la kawaida mtu mzima ni 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, 15,500. Baba na mama 62,000, watoto watatu 46,500. Jumla 108,500. Mmejipanga vizuri.

BabaKulwa: Ahsante mkuu kwa hesabu.

MamaZai: Watoto wana umri gani? Hapo ndipo ratiba inapoanzia, siyo kwenye sanamu.

BabaKulwa: Umri wa kawaida tu dada, wanatembea wenyewe.

Mzee wa Gulwe: Mnanikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunakwenda na treni ya zamani, unalala humo humo, asubuhi akina mama wanakuletea kuku wa kuchemsha dirishani na chumvi kwenye kikaratasi. Mvua ikizidi, tuta la Kilosa linakatika mnakaa porini mkisubiri. Hakuna aliyeomba ushauri. Siku hizi mnapita mahandaki manne pale Kilosa hata hamjui mmepita lini.

BabaKulwa: Shikamoo mzee. Hayo mahandaki wanayasubiri kuliko Bunge lenyewe.

Mwalimu Mstaafu: Wazazi wa leo mnapeleka watoto mahali ili mpate picha za kuweka status. Muulize huyo mtoto tofauti ya Bunge na Serikali kwanza. Akijua, ndiyo umpandishe treni.

Kisiki: Mwalimu, wapo watu wazima humu hawaijui hiyo tofauti.

Mgogo Asilia: Naishi hapa, ngoja niseme. Jumapili Bunge halikai, vikao ni Jumatatu hadi Ijumaa, na wageni wa kuingia ukumbini wanaombewa nafasi mapema. Mtaliona kwa nje tu. Mkishuka, waacheni kwanza walitazame jengo la stesheni, limechorwa kwa kufuata vilima vya mawe vya huku, watoto wanalipenda. Kisha Nyerere Square kabla jua halijawa kali, sanamu ipo hapo. Msikiti wa Gaddafi mtautazama mkiwa njiani. Mchana mwende Chinangali, kuna michezo ya watoto na sehemu ya kukaa. Basi. Ukiongeza Mtumba kwenye mji wa Serikali au chuo kikuu cha UDOM utashinda barabarani. Bajaji inabeba watatu, mtabanana kidogo.

BabaKulwa: Ubarikiwe sana mkuu. Kuhusu bajaji, nilipanga nichukue mbili. Mkubwa akae na wawili kwenye moja, mimi na wawili nyingine, tufuatane.

MtuWaTarakimu: Simama hapo hapo. Mkubwa na wawili ni watatu. Wewe na wawili ni watatu. Hao ni watu sita. Mama yuko bajaji ipi?

Kisiki: CHAI. Nilijua. Mara watoto watatu, mara watano. Mods, hamishieni jukwaa la hadithi.

Bi Mswano: Na mimi nimeshtuka. Mtu gani ananunua tiketi bila kujua kama Bunge lipo? Huyu anatutafutia maoni tu. Weka picha ya tiketi.

BabaKulwa: Mimi sikusema watatu, mlisema nyie. Mtu mzima mmoja 31,000, watoto watano 77,500. Jumla ni ileile 108,500. Picha hiyo hapo, majina nimeziba.

MtuWaTarakimu: Nimepiga mara mbili. Kweli ni ileile. Nimekubali kuingizwa mjini.

Kisiki: Picha imehaririwa. Hiyo kona ya kulia kivuli hakieleweki.

MamaZai: Kisiki pumzika. BabaKulwa, watano wa nani, na una mtu wa kukusaidia?

BabaKulwa: Watatu wangu: wa kwanza miaka tisa, Kulwa na Doto mitano. Wawili wa shemeji, saba na minne. Mke wangu alikuwa aende, akasema safari yenyewe haina kichwa wala miguu, bora Desemba. Amesusa. Nikabadilisha tiketi yake nikaongeza wale wawili ili pesa isipotee. Huyu wa tisa ana akili ya mtu mzima, wallahi. Nyumbani ndiye anayewaogesha wenzake.

MamaZai: Yule wa minne akibanwa na haja treni ikiwa kasi, wanne unamwachia nani? Huyo wa tisa ni mtoto, siyo yaya. Na hiyo bajaji ya pili itabeba watoto watatu na dereva usiyemjua. Shemeji anajua mkeo haendi?

BabaKulwa: Anajua tunaenda.

MamaZai: Sijauliza hivyo.

BabaKulwa: Hajauliza na mimi sijasema. Jamani, nimeshawaahidi, wameshapanga nguo kitandani. Nikighairi leo nitaonekanaje? Baba anashindwa kutembeza watoto siku moja?

Chaurembo: Wanaume tunaweza. Mimi nilikwenda sokoni na wanne.

Bi Mswano: Ukarudi na wangapi?

Mzee wa Gulwe: Mwanangu, mtoto wa mwenzio akipata mchubuko tu, huo mchubuko utausimuliwa kila msiba na kila harusi. Piga simu usiku huu.

Mgogo Asilia: Bajaji achana nazo. Tafuta gari moja la kuwatosha wote sita, mpange bei ya siku nzima kabla hamjapanda. Na bado unahitaji mtu mzima wa pili.

*(saa mbili baadaye)*

BabaKulwa: Nimempigia shemeji. Kanisema mpaka salio likaisha, akanipigia yeye akaendelea. Sasa anasema anakuja naye, atajilipia. Nimeangalia mtandaoni, treni yetu ya alfajiri imejaa, ipo inayofuata. Aje nyuma yetu tukutane Nyerere Square, au sisi ndio tuhame?

MamaZai: Akija nyuma, ndani ya treni bado uko peke yako na watano. Hameni.

Kisiki: Shemeji naye ni wa kutunga.

BabaKulwa: Kuhama kuna makato?