Sensa ya infraredi inaona mkono wakati hakuna mkono, nimekwama

fundi_usiku
Wakuu habari za humu. Nina bodi ndogo ya saketi nimechora mwenyewe, ina ledi ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 940 na fototransista, yaani kipokea mwanga, pembeni yake, zimeachana milimita 4, juu kuna kifuniko cha akriliki cha milimita 3. Kazi yake ni kujua mkono umesogea. Sasa hata pasipo na kitu mbele ADC (kipimo kinachogeuza volti kuwa namba) ya biti 10, 0 hadi 1023, inanipa 640, nikileta mkono inapanda 700 basi, yaani karibu usomaji wote ni mwanga unaovuja wenyewe. Nimeivalisha ledi mpira mweusi wa kusinyaa, imeshuka kiduchu. Nikipunguza mkondo wa ledi na mkono nao hauonekani. Kuna namna bila kuchora bodi upya?

wimbi38
Piga ledi (iwe inawaka na kuzima haraka) kwa kilohezi 38 kama rimoti ya TV halafu uchuje mwanga mwingine, tatizo kwisha.

mzee_rezista
Hapana mkuu, hiyo inaondoa jua na taa za chumbani. Mwanga unaovuja unatoka kwenye ledi hiyohiyo, nao utapigwa kilohezi 38 vilevile, kichujio kitaupokea kwa mikono miwili.

Fundi, usibandike kitu kingine kwanza. Soma ledi ikiwa imezimwa, kisha soma umeng'oa kifuniko, tuletee namba.

fundi_usiku
Ledi imezimwa 15. Bila kifuniko 210. Nikikirudisha 640.

mzee_rezista
Basi mchawi mkubwa ni kifuniko. Akriliki inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na ina nyuso mbili, chini na juu, bado mikwaruzo na mafuta ya vidole. Weka ukuta katikati ya ledi na fototransista, na huo ukuta UGUSE kifuniko, ukiacha upenyo hata mwembamba mwanga unapita hapo. Ila kwa milimita 3 ukuta utazuia mruko wa uso wa chini tu, ule wa uso wa juu unaingia ndani ya akriliki unaruka na kutua upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo tafuta kifuniko chembamba au kata viwe vidirisha viwili, kila kimoja na chumba chake.

nyaya_nyeusi
Naongezea, nyeusi ya macho yetu si lazima iwe nyeusi kwa infraredi. Kile kidirisha cheusi cha rimoti si kinapitisha infraredi vizuri tu? Huo mpira wako nao naushuku. Kata kipande, kiweke katikati ya ledi na fototransista, tazama ADC, ndio kipimo. Kamera ya simu nayo inasaidia kuona ledi inavujia wapi lakini tumia ya mbele, ya nyuma mara nyingi ina kichujio. Kinachoziba kweli ni karatasi ya shaba, angalia tu isije ikagusa miguu ukapiga shoti.

Na hiyo 210 bila kifuniko, ziba mdomo wa ledi kabisa kwa shaba usome tena. Kitakachobaki kinapita ndani ya bodi, ile faiba ya FR4 iliyotengenezea bodi inapitisha mwanga, shika bodi tupu mbele ya tochi utaona. Ukija kuchora upya jaza shaba chini ya ledi, na ukate mfereji kati yake na fototransista.

fundi_usiku
Nimerudi wakuu. Mpira mweusi ulikuwa unapitisha kweli, nimeutupa, na sponji nyeusi ya kwanza nayo ilikuwa ileile, ya pili ndio imeziba. Ukuta wa sponji nimeukata mrefu kidogo ili kifuniko kiubane, akriliki nimeweka ya milimita 1. Sasa bila mkono 120, na mkono unagonga 430. Nikiziba mdomo wa ledi inabaki 70 hivi, kumbe zaidi ya nusu ya hiyo 120 inapita kwenye bodi.

wimbi38
Hiyo 120 si unaitoa kwenye programu tu?

mzee_rezista
Itoe, ila usiiandike kama namba moja ya kudumu. Ledi ikipata joto mwanga wake unapungua, na huo uvujaji unapungua nao. Ipime upya kila mara ukiwa na uhakika hakuna mkono mbele. Na hiyo sponji iangalie baada ya miezi michache, ikilala tu ukaacha upenyo utarudi humu na 640 yako.

fundi_usiku
😂 sawa mzee, mfereji nauchora leo leo