Naomba ushauri: chenso ya marehemu baba inawaka, ikipata moto inazima

Habari zenu wakuu. Nipo Mafinga. Nimerithi chenso (msumeno wa injini) ya baba, Stihl 070, lile jitu la cc 106 linalovunja mgongo. Ilikaa stoo miaka 11, tena na petroli ndani ya tenki (mzee hakumwaga, Mungu amrehemu).

Nimeosha kabureta na kuweka diaframu mpya (kiwambo chembamba kinachovuta petroli), maana ya zamani ilikuwa imekauka kama karatasi. Platinamu (vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa plagi) nimezipiga msasa, moto wa plagi sasa ni wa bluu. Nimechungulia pistoni kupitia tundu la ekzosi, haina mikwaruzo.

Inawaka mvuto wa tatu. Shida ni baada ya dakika tano hivi: mzunguko unapanda wenyewe, inalia kwa sauti kali hata nikiachia mafuta, kisha inazima. Haiwaki tena mpaka ipoe. Nahisi inavuta hewa kwenye sili za krenki (raba zinazoziba kwenye mhimili wa injini), kwa sababu raba za umri huo zimeshakuwa mifupa. Fundi mmoja ananiambia nichezee tu skrubu ya kabureta. Mimi naogopa, mafuta yakipungua na hewa ikizidi, pistoni si itaungua?

Aliyewahi kubadilisha sili hizo, flaiwili (gurudumu zito linalofunika sili) anaitoaje bila kuipasua? Na kwa oili ya kawaida ya tu-stroki nichanganye 1:25 (oili kwa petroli) kama alivyofanya mzee, au 1:50? Nyuma ya nyumba kuna mikaratusi mitatu inanisubiri.