perf stat: jaribio linapita kazini, nyumbani linaanguka. Pachi yangu niitume?

kitunda_dev

Wakuu, habari za jioni. Naomba mniangalizie hili kabla sijaaibika mbele za watu.

Mimi ni fundi wa seva, si mtu wa kerneli (kiini cha Linux). Ila perf, zana iliyomo kwenye msimbo wa Linux, ndiyo inayonionyesha programu gani inakula prosesa, nikaona nami nirudishe fadhila. Nikaandika jaribio, skripti fupi ya kuweka `tools/perf/tests/shell`. Inaendesha `perf stat -x, -e task-clock true` (task-clock ni muda uliotumika kwenye prosesa, na `-x,` inatenganisha matokeo kwa mkato), halafu inahesabu vipande vilivyotenganishwa kwa mkato. Vinatakiwa 7. Kazini vinatoka 7, `perf test` inayoendesha majaribio inaandika Ok. Nyumbani kwenye laptopu yangu ya mtumba vinatoka 10, FAILED.

Kazini msimbo wa kerneli ni mpya zaidi, kwa hiyo nilijua tu ni tofauti ya matoleo. Nikaanza `git bisect`, ile ya kusaka kati ya matoleo badiliko lililoleta tofauti, kila hatua najenga kerneli nzima na kuwasha mashine upya. RAM ni GB 4, nadhani mnaelewa. Hatua tano, zote mbaya. Ya sita umeme ukakatika, nikaachana nayo.

Jana ndipo akili ikanijia nichapishe mstari wenyewe:

`0,38,msec,task-clock,378104,100,00,0,512,CPUs utilized`

Mmeona hiyo 0,38? Kazini ni 0.38. Nikachimba `builtin-stat.c`, nikakuta `setlocale(LC_ALL, "")`, inayoifanya perf ifuate mipangilio ya lugha ya mashine. Nimeufuta huo mstari, nikajenga, zikatoka 7! Pachi, yaani badiliko la msimbo, ya mstari mmoja. Nimeipeleka GitHub kwenye nakala ya msimbo wa Linux, siku ya nne leo hakuna hata wa kukohoa. Nimekosea wapi?

pwani_root

Mkuu, cheki `kernel.perf_event_paranoid`. Mara nyingi ipo 2, mtumiaji wa kawaida anazuiwa vitu vingi. Shusha iwe 1 au endesha kwa sudo.

mama_terminali

@pwani_root hiyo ingemnyima ruhusa, isingemwongezea mikato. Kaka Kitunda, tubandikie `locale` ya hiyo laptopu, yaani mipangilio yake ya lugha na namba.

kitunda_dev

Haya dada:

`LANG=en_US.UTF-8`
`LC_NUMERIC=de_DE.UTF-8`

Laptopu imetoka Ujerumani, kibodi yake ni ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana viti. Wakati wa kusakinisha nilichagua Kijerumani ili herufi zikae sawa. Inaelekea na tarakimu zikafuata.

mama_terminali

Ndiyo hiyo. Wajerumani huandika desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Mstari wako una desimali tatu: 0,38 na 100,00 na 0,512. Saba jumlisha tatu ni kumi. perf haijakosea, imekutii.

Pachi ya setlocale usiitume. Endesha `perf stat` ya kawaida, bila -x, kwa hiyo perf uliyoikata, kwenye mashine ya kazini. Utaona namba kubwa, mfano 378104220, imebanana hivyo hivyo. Kabla ya hapo ilikuwa 378,104,220. Vitenganishi vya maelfu vinatoka kwenye locale, na wewe umewafutia watu wote ili skripti yako ipite. Ukituma, utajibiwa kwa upole, lakini utajibiwa.

Kosa liko kwenye jaribio. Ukitenganisha kwa mkato, anza na `export LC_ALL=C`; C ni locale ya msingi, desimali kwa nukta. Au tumia alama isiyotokea kwenye namba. Fungua `stat+csv_output.sh` kwenye folda hiyohiyo, utakuta inatenganisha kwa @. Kuna mtu alishaumwa na nyoka huyu kabla yako. Na hapo samahani, kaka: ukiisoma vizuri utagundua skripti yako inarudia kazi yake. Mimi ningeiacha.

Hongera kwa kitu kimoja, ulichagua task-clock. Hilo linahesabiwa na kerneli yenyewe, halitegemei vihesabu vya prosesa, hata kwenye mashine pepe linafanya kazi. Wengi huanza na cycles (mizunguko ya prosesa), halafu jaribio linaanguka kwenye kila mashine isiyo na vihesabu. Kitu kikiwa hakipo, skripti itoke na namba 2 ili iandikwe Skip. 1 ni kuanguka.

Bisect sasa. Hukuhitaji kujenga kerneli wala kuwasha upya hata mara moja! perf imo ndani ya msimbo wa kerneli tangu 2.6.31 ya mwaka 2009, lakini yenyewe ni programu ya kawaida na perf mpya hukaa juu ya kerneli ya zamani. `make -C tools/perf`, basi. Na bisect unaifunga hapo hapo: `git bisect start -- tools/perf`. Tena ikikuambia mbaya, mbaya, mbaya bila kikomo, acha msimbo, ikague mashine.

GitHub hakuna anayesubiri mtu pale, ile ni nakala tu. Pachi za perf huenda kwa baruapepe ya maandishi matupu, `git send-email`, na zitoke kwenye tawi la perf-tools-next. `scripts/get_maintainer.pl` itakupa wa kuwaandikia. Utaona Arnaldo Carvalho de Melo na Namhyung Kim. Arnaldo ni Mbrazili, na kwao pia desimali ni mkato, kwa hiyo hadithi yako hataishangaa.

Sasa sikia nitakalokuomba. Usibadilishe LC_NUMERIC. Wengi wanaendesha `perf test` kwenye en_US au C, ndiyo maana hitilafu za namna hii zinakaa bila kuonekana. Wewe una mashine ambayo wengi wetu hatuna. Chukua perf-tools-next, endesha majaribio yote, halafu rudia kwa LC_ALL=C. Kinachoanguka mara ya kwanza tu ndicho pachi yako. Weka -S yaende moja moja, la sivyo kwa GB 4 utalaumu locale kwa kosa la mzigo. Na ukiripoti taja jina la jaribio, namba zinahama kila toleo.

kitunda_dev

Dada, nimerudi. Yameanguka mawili kwa Kijerumani, kwa C limebaki moja. Hilo moja linataka vmlinux, faili la kerneli iliyojengwa, nisiyo nayo, nimeliacha. Lingine lilikuwa skripti inayotafuta nukta kwa grep. Nimeongeza mstari mmoja juu, inapita kote.

Ila checkpatch, skripti ya kukagua pachi, imenigomea, inasema hakuna sahihi ya Signed-off-by, na mimi sahihi naiona kwa macho yangu mawili!

mama_terminali

Bandika mstari wa mwisho wa ujumbe wa pachi yako.

kitunda_dev

`Signed-off-bz:`

Kibodi.

pwani_root

😂😂😂

mama_terminali

`git commit --amend -s`, itakuandikia yenyewe. Ufute kwanza huo wa Kijerumani.