Kisensa cha mwendo usiku: mkononi au mguuni?

Swali
Habari zenu wakuu, mume wangu akilala miguu inarukaruka usiku kucha, asubuhi shuka liko sakafuni na mimi mapaja yanauma kwa mateke, yeye anasema kalala fofofo. Nimemvalisha saa yangu ya kupima usingizi siku tatu inaandika masaa saba safi kabisa. Hivi hii saa inapima nini jamani?

Jibu
Pole sana dada. Saa iko mkononi tatizo liko mguuni, ndo maana. Kile kisensa kinahisi mwendo tu, mkono ukitulia kinahesabu umelala hata kama umekodoa macho unaangalia dari. Wanaochunguza miguu wanakifunga kwenye kifundo cha mguu, wanatafuta mitikisiko ya nusu sekunde hadi sekunde 10, inayojirudia angalau mara 4 mfululizo, kila mmoja ukipishana na mwenzake sekunde 5 mpaka 90. Mtu mzima akizidisha 15 kwa saa moja hapo daktari anaanza kuuliza maswali.

Jibu
Na siku tatu ni chache, wengi wanavaa wiki moja au mbili huku wanaandika kwenye daftari saa ya kulala na kuamka. UK Biobank, mradi wa utafiti wa afya kule Uingereza, waliwavalisha watu kama 100,000 siku 7, kati ya 2013 na 2015, ila mkononi.

Jibu
Dada, mumeo apime na madini ya chuma kwenye damu, yakipungua miguu inasumbua sana, mi yalinikuta.