Tupeane uzoefu: kutafiti historia ya ukoo na kupiga picha za maumbile

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka tisa sasa muda wangu wa mapumziko umegawanyika katika shughuli mbili ambazo wengi hawaoni uhusiano wake: kutafuta asili ya ukoo wangu, na kupiga picha za ndege, wadudu na mimea. Naomba tupeane uzoefu, na nitaanza na wangu.

Alipofariki bibi yangu mzaa mama nilikabidhiwa sanduku lenye picha zipatazo 140. Nilizitandaza sakafuni, nikazigeuza moja baada ya nyingine, na ni 11 tu zilizokuwa na maandishi nyuma. Katika mojawapo, mwanamke kijana amesimama chini ya mti akiwa amemshika mtoto mkono. Sura yake ni ya mama yangu mtupu, lakini hakuna aliyebaki hai awezaye kunitajia jina lake. Usiku ule ule nilifungua kompyuta nikatazama picha zangu za ndege, maelfu kwa maelfu, nikaona kwamba nami nilikuwa nikitenda kosa lile lile: faili zenye namba tupu, bila jina la kiumbe, bila mahali, bila neno juu ya alichokuwa akifanya. Ni kweli kamera huandika tarehe, saa na mipangilio ya lenzi ndani ya faili, lakini haijui kwamba yule ndege alikuwa akimlisha kinda, wala haijui kwamba saa yake yenyewe imekosewa.

Tangu hapo kwangu picha haijakamilika mpaka iandikwe ni nani au ni nini, wapi, lini, na nimejuaje. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kwenye picha za karatasi natumia penseli laini, nyuma na pembezoni, bila kukandamiza, kwa kuwa wino huweza kupenya au kuhamia kwenye picha iliyo chini yake. Je, wenzangu mnafanyaje?

Msomanyaraka

Ndugu mwanzisha mada, hilo la "nimejuaje" umelisema vyema, nami nitakaa hapo hapo. Nilipoanza niliandika majina kwenye daftari jinsi yalivyonijia, na baada ya miezi sita nilikuwa na watu wanne wenye jina moja nisioweza kuwatenganisha. Kilichoniokoa ni utaratibu wa namba uliochapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590, ambao bado unatumika kwa sababu ni rahisi mno. Wewe ni namba 1, baba yako ni 2 na mama yako ni 3. Baba wa mtu yeyote hupata namba ya mtu huyo mara mbili, na mama wa mtu huyo hupata mara mbili ukiongeza moja. Kwa hiyo bibi yako mwenye sanduku ni namba 7, na mama yake ni 15. Nikikutana na hati siulizi tena ni yupi kati ya wale wanne, bali nauliza kama ushahidi uliomo unatosha kuifunga na namba fulani, na kama hautoshi, hati inabaki kwenye bahasha ya pembeni.

Kuna kosa lililonigharimu mwaka mzima ambalo ningependa wanaoanza walikwepe. Mzee wangu namba 8 alikuwa na miaka 33 katika hati ya ndoa, na 30 katika orodha ya wafanyakazi iliyoandikwa mwaka ule ule. Nikaamini ni watu wawili, nikaanza kumsaka wa pili. Siku moja, badala ya kusoma mstari wake peke yake, nilisoma ukurasa mzima, nikagundua kwamba umri wa kila mtu uliishia na 0 au 5. Mwandishi alikuwa akikadiria. Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili lina historia yake: katika sensa ya Uingereza ya mwaka 1841, waandikishaji waliagizwa kuushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Usisome mstari mmoja. Soma ukurasa wote, na ule wa kabla, na ule unaofuata.

Jicho la Alfajiri

Mimi ni wa ndege zaidi kuliko nasaba, ingawa mume wangu ananivuta taratibu upande wa pili. Kwa anayeanza, nasema lenzi ndefu si jambo la kwanza. La kwanza ni kufika kabla ya mwanga, kukaa chini na kutulia mpaka ndege wakuhesabu kuwa sehemu ya mahali hapo. Nimewahi kukaa saa tatu kando ya maji kwa ajili ya mdiria mmoja, nikapata picha moja iliyo wazi jichoni kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde, na bado naikumbuka asubuhi ile yote.

Niliwahi pia kufanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilisogea karibu na kiota kupita kiasi, na kwa dakika arobaini mama hakurudi, nikadhani ana haya tu. Nilipoondoka na kutazama kwa mbali kwa darubini, alirudi mara moja. Makinda yalikuwa yamekaa muda wote ule bila joto wala chakula kwa sababu yangu. Siku hizi sipigi picha za viota, na nikiona kiota cha ndege adimu simtajii mtu mahali kilipo. Ndege akibadili mwenendo kwa sababu yako, umeshakuwa karibu mno.

Makro

Nimefurahi kuikuta mada hii, kwa maana kwangu shughuli hizi mbili zilikutana kwenye jiwe moja. Nilikwenda makaburini kutafuta kaburi la mama wa babu yangu, nikalipata, lakini maandishi yalikuwa yamelika na saa ilikuwa ya adhuhuri. Jua la utosini hufuta kila mchoro wa jiwe. Kwa kuwa nimezoea kupiga picha za wadudu nikitumia mwanga wa ubavuni ili vinyweleo vionekane, nilirudi kesho yake jua linapochomoza. Mwanga ulipita sambamba na uso wa jiwe, kila herufi ikatupa kivuli chake, na nikasoma kutoka hatua nne. Kwa miaka miwili niliamini alifariki mwaka 1911, jambo lililomfanya mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa 1914, aonekane si wake. Kivuli kilionyesha 1917.

Kama jiwe linatazama upande usiofikiwa na jua, mtu mmoja asimame ubavuni na kioo kikubwa aurushe mwanga kwa mshazari huku mwingine akipiga picha. Nawasihi msisugue mawe kwa brashi ya waya, msipake chaki, msimwage dawa ya kusafishia. Herufi iliyosuguliwa hairudi tena.

Tena, kile kinachosuguliwa mara nyingi ni likeni, yale matabaka ya kijivu na manjano yang'ang'aniayo mawe, ambayo baadhi hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka. Roland Beschel, mwanasayansi aliyeanzisha katika miaka ya 1950 njia ya kukadiria umri wa miamba kwa kupima upana wa likeni, alitegemea jambo hili hili la ukuaji wa polepole, na makaburi yenye tarehe yamekuwa yakitumika kupimia kasi hiyo. Nilipolisoma hilo nilirudi tena kwenye jiwe lile na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na stendi ya miguu mitatu, nikapiga picha ya duara moja la manjano la likeni. Huenda lilianza kukua wakati watoto wake bado wanakuja kumzuru.

Mhifadhi

Kwa ufupi: kila faili iwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti vya kuhifadhia, na moja iwe nje ya nyumba. Niliwahi kupoteza diski yenye miaka minne ya vipepeo na mahojiano mawili ya shangazi yangu. Vipepeo nimewapiga tena. Shangazi hayupo.

Binti wa Pili

Naomba kuongeza neno kuhusu vipimo vya vinasaba. Nilipima, nikaoneshwa mtu tunayeshirikiana naye takriban asilimia 12 ya vinasaba, nikafurahi kwamba nimepata binamu, kwa kuwa binamu wa kwanza hushirikiana kwa wastani wa asilimia 12.5. Sikujua kwamba wastani huo huo ni wa dada wa mama aliyechangia naye mzazi mmoja tu. Umri wake ulinionyesha kwamba huyu hakuwa binamu. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu bila kumwandikia, kisha nikazungumza kwanza na mama, faraghani, kwa sababu habari ile ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu. Leo wanapigiana simu kila Jumapili, lakini ingeweza kwenda vinginevyo. Kabla ya kupima, jiulizeni ni nani mwingine atakayeguswa na majibu.

Jicho la Alfajiri

Mwanzisha mada, nimeufikiria ule mti. Umetuambia habari za mwanamke na mtoto, lakini mti una maua, una matunda, au umepukutisha majani?

Mwanzisha mada

Dada, miaka yote hii sikuwahi kuutazama. Nimeiskani upya picha kwa nukta 1200 kwa inchi na kuikuza. Hakuna hata ua moja. Matawi yamejaa maganda makavu, na mengine yako chini, miguuni mwa mtoto. Nilikuwa nimeiweka picha hii kwenye harusi ya dada yake bibi, iliyofanyika katika mwezi ambao miti ya aina hii huwa na maua tele. Kwa hiyo si siku ile, na pengine mwanamke huyu si dada yake bibi. Nimeitoa kwenye bahasha ya harusi, na nyuma yake nimeandika kwa penseli: "Msimu wa maganda. Nimejua kwa mti." Kesho naanza tena na namba 15.